Kifungu cha Kumi na Nne

Sheria ilipita Machi, saa nane kasorobo usiku,
kwa kura moja ya ziada na mtu mmoja akilia chooni.
Nilikuwepo. Nilishika makoti.
Marlys Ostby alitoka na kalamu sikioni,
akasema, Tumeimaliza, twendeni tukalale.
Hakuna aliyekisoma kwa sauti kifungu cha kumi na nne,
mstari mmoja, mwembamba kama uzi wa kushonea kidonda:
itaanza kutumika tarehe mosi Januari.

Uchaguzi ni Novemba.

Niliuliza sababu. Mhasibu akasema bajeti.
Wa kamati akasema kampuni za dawa zinahitaji muda wa kujipanga,
kana kwamba bei ni piano, kuishusha ngazi
sharti kwanza utafute vijana wanne.
Tanner wa matangazo, mwenye viatu visivyojua theluji,
akacheka: Matamu huwekwa kabla ya kura, machungu baada.
Nyie nani aliwafundisha kupika?

Basi Oktoba nikapanda vilima vya Duluth na mfuko wa vipeperushi,
ziwa chini yangu rangi ya sufuria,
meli ya madini ikipiga honi hadi daraja linyanyuke.
Kila mlango, sentensi ile ile:
Tumepunguza bei ya insulini.
Niliisema kwa Kiingereza, lakini Kiswahili
kilikuwa kikinizomea kwa ndani.
Hiyo -me- inadai jambo limekwisha na alama yake ipo,
mtu anaweza kuigusa.
Ilipaswa kuwa -ta-.
Ila vipeperushi vilishachapwa, elfu arobaini.

Nyumba ya kijani, ngazi zenye chumvi: Orville Haugen,
fundi wa reli mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho,
akaniacha kizingitini na upepo, akarudi na risiti.
Ya Jumanne. Dola mia tatu na kumi na mbili.
Akailaza juu ya kipeperushi changu, ukingo kwa ukingo,
kama anayepima ubao kabla ya kuukata.
"Moja kati ya hizi inadanganya," akasema, bila hasira.
"Na moja nimeilipia."

Nikamweleza Januari.
Akahesabu kwa vidole, akaishiwa na mkono mmoja wakati bado tupo Novemba,
kwa kuwa alihesabu wiki, si miezi.
"Kongosho langu," akasema, "halina kalenda."
Kupitia mlango wa jikoni nilikiona kichupa mezani,
vistari vya kalamu ubavuni mwake:
Jumatatu, Alhamisi, Jumapili.
Kwetu husema ngojangoja huumiza matumbo.
Sikumtafsiria. Angeniuliza ni tumbo la nani.

Tulishindwa kwa kura mia mbili na sita.

Tarehe mosi Januari ilikuwa sikukuu, duka la dawa limefungwa.
Tarehe mbili bei ikashuka, bila tarumbeta,
kama theluji inavyoporomoka paani hakuna anayetazama.
Tarehe tano Delwyn Radke, aliyeapa kuifuta sheria ile,
alipiga picha mbele ya kaunta,
mkono begani mwa mfamasia aliyekuwa hajui aweke wapi macho.
Chelewachelewa, walituonya:
mwana alikuwa na pua ya Marlys tupu,
na cheti kimeandikwa Radke.

Nilimkuta Orville kwenye foleni wiki iliyofuata,
kiatu kimoja kikubwa kuliko kingine, bendeji ikichungulia.
Mama aliyekuwa mbele yake alikuwa akisifu:
"Huyu mpya ana kasi! Siku tano tu!"
Orville akanitazama. Akalipa dola thelathini na tano,
akaikunja risiti mara mbili,
akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo au wa miwani, sijui.
"Ulinieleza kweli," akasema akinipita.
"Lakini ilikuwa bado mbichi, na mimi nilikuwa na njaa."

Nilikuwa na la kujibu, na wakati wake wote,
-li- na -me- na -ta-, zimejaa mdomoni.
Nje barafu ilikuwa inateleza.
Nikamshikia mlango.